Kalima: Toka kiko cha tumbako hadi sanamu za bwami, wazee wetu walikosoaje kazi ya mikono?

Kalima, Maniema. Leo sina habari ya barabara wala ya bei ya mchele. Nina historia, na historia hiyo nimeiokota sokoni.

Juma lililopita nilisimama mbele ya mzee mmoja aliyefika huku na familia yake akikimbia mapigano. Alikuwa ametandika gunia chini, na juu yake amepanga miiko, mipini ya majembe na viko vitano vya tumbako alivyochonga kwa mkono wake. Kijana mmoja akainama, akashika kiko, akakigeuza, kisha akakitupa pale juu ya gunia. « Papa, hiki si kitu. Ni kipande cha mti tu. » Mzee hakujibu. Alikiokota, akakifuta kwa kitambaa, akakirudisha mahali pake.

Mama mmoja aliyekuwa anauza samaki pembeni ndiye aliyesema: « Mtoto wangu, umesema si kitu. Hujasema kina kosa gani. »

Kijana alicheka akaenda zake. Mimi neno la yule mama limenikalia kichwani. Nimejiuliza: sisi watu wa Maniema, ambao mababu zetu walifinyanga, walifua na kuchonga, zamani tulikosoaje kazi ya mtu? Na aliyekosolewa alipokeaje? Haya ndiyo niliyoyakuta.

KIKO KINA MAKOSA YAKE

Tuanze na kiko chenyewe. Tumbako si mmea wa asili yetu. Ulitoka Amerika, ukaletwa Afrika na mabaharia wa Ulaya kuanzia karne ya 16, ukapita mkono kwa mkono mpaka ndani ya msitu. Mmea ni wa kigeni, lakini chombo cha kuuvutia watu wa huku walijitengenezea kwa walichokuwa nacho: udongo, kibuyu, mti mgumu, utete.

Kiswahili cha pwani kilikipa kila kiungo cha kiko jina lake. Bakuli la kuwekea tumbako ni bori au mtemba. Mrija unaotoka kwenye bakuli kuingia chombo cha maji ni digali. Ule wa kutia mdomoni ni shilamu. Hata mlio wa maji wakati mtu anavuta una jina: malio ya kiko. Watu wakishakipa kitu majina mengi hivyo, ujue walikuwa wanakichunguza. Aliyeweza kusema « digali linavuja » hakuwa na haja ya kusema « hiki si kitu ».

Kiko cha mbao nacho kina mambo ya kuangalia. La kwanza ni mti. Ukichongwa mbichi, hupasuka ukipata moto. La pili ni tundu la mrija, ambalo linapaswa kutokea chini kabisa ya bakuli. Likitokea juu, unyevu unabaki chini, tumbako haiungui yote, kiko kinazimika kila mara na kinaanza kunuka. La tatu ni kuta za bakuli. Zikiwa nyembamba zinachoma vidole, zikiwa nene kupita kiasi kiko kinachosha meno na mkono. La nne ni njia ya hewa: pulizia kabla ya kununua, usikie kama imenyooka au imeziba.

Sisemi haya ili watu wavute. Tumbako inaharibu mapafu, na watoto wanaolala chumba kimoja na mvutaji wanaumia naye. Nasema kwa sababu ya kazi. Mtu akimwambia mchongaji « tundu liko juu mno », mchongaji anajua kesho atafanya nini. Akimwambia « si kitu », amemwachia nini cha kufanyia kazi? Tazameni mama anayenunua chungu: anakigonga kwa kidole na kutega sikio. Chungu chenye ufa kina sauti yake. Ule ni ukosoaji, na mwenye chungu hakasiriki, maana naye amesikia.

SOKO LA NYANGWE, 1871

Lakini soko la kwetu lina kumbukumbu chungu pia, na siwezi kuipita.

Nyangwe iko hapa hapa Maniema, ukingoni mwa Lualaba, upande wa Kasongo. Mzungu David Livingstone alifika huko mwezi wa 3 mwaka 1871, akakuta soko kubwa ambamo wauzaji wengi walikuwa wanawake. Walikuja kwa mitumbwi na kwa miguu, wakibeba samaki, kuku, vyungu na mazao ya shamba. Walibishana bei, walicheka, walisifu mali zao na kukosoa za wenzao. Lilikuwa soko kama soko lolote.

Tarehe 15 mwezi wa 7 mwaka huo, watu wenye bunduki wa misafara ya biashara waliingia humo. Livingstone aliandika kwamba alimwona mmoja wao akigombania bei ya kuku na kumshika kwa nguvu. Muda mfupi baadaye bunduki zililia. Watu walikimbilia mitumbwi, mitumbwi ikajaa, wengine wakajitupa mtoni na maji yakawachukua. Hesabu aliyopewa na wafanyabiashara wenyewe ilikuwa kati ya watu 330 na 400. Habari hiyo ilifika Ulaya, ikaongeza nguvu ya wale waliodai biashara ya watumwa ikomeshwe. Mwaka 1873 soko la watumwa la Unguja lilifungwa.

Tusidanganyane: watu wale hawakufa kwa sababu ya kuku. Walikufa kwa sababu wenye bunduki walitaka waogopwe. Ila jambo moja linatuhusu leo. Mabishano ya bei na ubora yanawezekana tu pale ambapo wote wawili wanaweza kusema hapana. Mwenye silaha akisema mali yako ni mbaya, huo si ukosoaji, ni unyang'anyi. Ndugu mliofika hapa mkikimbia mnalijua hilo kuliko mimi. Na hata pasipo bunduki, mwenye njaa mbele ya mwenye pesa hana nguvu sana ya kusema hapana. Ndiyo maana tunapaswa kupima maneno yetu mbele ya gunia la mkimbizi.

KWA WAREGA: KITU CHEMA NA KITU KIZURI

Sasa tutoke ukingo wa Lualaba, tuingie msitu wetu. Kalima iko katika eneo la Pangi, na Pangi ni nchi ya Warega, pamoja na Shabunda na Mwenga upande wa Kivu ya Kusini. Warega hawakuwa na mfalme mmoja juu ya wote. Kilichowaunganisha kilikuwa bwami.

Kwa jirani zetu wengi wa Kivu, mwami ni mfalme. Kwa Warega, mwami ni yeyote aliyeingia bwami, na wakiwa wengi wanaitwa bami. Mtu alipanda ngazi kwa ngazi, akisaidiwa na ukoo wake, akitoa mali nyingi na akiangaliwa tabia. Ngazi kubwa ya wanaume ni Kindi, na chini yake ni Yananio. Wanawake nao walikuwa na ngazi zao, na ya juu ni Bunyamwa. Mwanaume hakufika juu peke yake, mke wake alipanda pamoja naye.

Ndani ya bwami kulikuwa na vitu vingi vya mikono: sanamu ndogo za mbao na za pembe ya tembo, vinyago vidogo vinavyoitwa lukwakongo, miiko ya pembe, viti vya kuchonga. Pamoja navyo kulikuwa na vitu vya msituni, kama magamba ya kakakuona, midomo ya ndege na mafuvu ya wanyama. Pembe ya tembo ilikuwa alama ya Kindi.

Miaka ya 1950 mtafiti Mbelgiji, Daniel Biebuyck, alikaa kati ya Warega, na wazee wakamkubalia kuona mafundisho ya bwami. Kitabu chake kikubwa kuhusu jambo hili kilitoka mwaka 1973. Moja ya mambo aliyoyaeleza ndilo lililonishangaza zaidi. Alikuta Warega hawakai kuhukumu sanamu kama wafanyavyo watu wa maonyesho ya Ulaya, kwamba hii imechongwa vizuri kuliko ile, pua imenyooka, mguu umepinda. Kitu kilichokubaliwa kutumika katika bwami kilikuwa chema, basi. Neno ni busoga, na ndani yake wema na uzuri vinakaa pamoja.

Je, ina maana hakuna aliyekosoa? Hapana. Ukosoaji ulikuwa mlangoni. Mtu aliyepanda ngazi alihitaji kitu cha ngazi ile. Akakirithi, au akakiagiza kwa mchongaji. Swali lilikuwa: kinafaa kwa kazi yake? Kitafundisha kinachopaswa kufundishwa? Kikishakubaliwa, maneno yakaisha na kazi ikaanza. Kitu kilipakwa mafuta, kikasuguliwa, kikashikwa na mikono mingi, kikatoka kwa aliyefariki kwenda kwa aliyemrithi. Ule mng'ao wa rangi ya asali unaoonekana kwenye sanamu za zamani ulitoka kwenye mikono hiyo.

Jina la mchongaji mara nyingi lilisahauliwa, lakini majina ya waliokishika yalikumbukwa. Kitu kikipotea au kikiungua, kingine kiliweza kuchukua nafasi yake, maana uzito ulikuwa katika fundisho.

SANAMU ZINAZOKOSOA WATU

Hapa ndipo historia yetu inageuka. Badala ya watu kukosoa sanamu, sanamu zilikosoa watu.

Katika mafundisho, wazee walicheza ngoma, wakatoa kitu, wakaimba mithali inayoambatana nacho. Sanamu yenye nyuso nyingi, Sakimatwematwe, inahusu mwenye kuona pande zote, anayemtambua tembo hata akiwa ng'ambo ya mto mkubwa. Sanamu ya mwenye mkono mmoja, Kuboko Kumozi, inaonya juu ya ugomvi na hasara yake. Sanamu ya mwanamke mjamzito, Wayinda, inakemea uzinzi unaoweka nyumba nzima hatarini. Kakakuona, kwa Warega, ni mnyama wa kuheshimiwa sana: magamba yake yaliyolaliana ndiyo yaliyowafundisha watu kuezeka nyumba kwa majani. Asiyetunza umoja wa ukoo ni kama paa ambalo majani yake hayalaliani.

Angalieni namna yake. Hakuna aliyeitwa jina mbele ya watu. Mgomvi alikuwa ameketi pale pale, akaona mkono ule mmoja, akasikia mithali, akajijua. Jirani yake hakumgeukia. Aliondoka amekosolewa, lakini hakuondoka amevuliwa nguo. Kitu kile kile kiliweza pia kubeba mithali nyingine katika fundisho jingine, kwa hiyo mwenye busara alirudi kusikiliza tena.

Sitaki kuipamba bwami kupita kiasi. Kupanda kulikuwa na gharama kubwa, na wengi walibaki ngazi za chini maisha yao yote. Mambo mengi yalikuwa siri. Na mama anayesikiliza leo mfano wa Wayinda anaweza kuuliza: katika uzinzi huo, mwanaume yuko wapi? Ni swali halali. Hata mafundisho ya wazee yanakosolewa, mradi tuseme yana kosa gani.

WALIOKOSOA BILA KUULIZA

Serikali ya kikoloni haikuuliza. Mwaka 1944 uasi wa Kitawala ulizuka upande wa Masisi na Lubutu, na wakubwa wa Kibelgiji wakaogopa kila mkutano wa watu weusi ambao hawakuuelewa. Mwaka 1948 bwami ikapigwa marufuku. Kwa macho yao ilikuwa siri, uchawi, upinzani. Maneno yao, kwa ufupi, yalikuwa yale ya kijana wa sokoni: hiki si kitu.

Wazee wengine walificha vitu vyao. Vingine vilichukuliwa, vingine viliuzwa, vingi vikavuka bahari. Leo kazi za Warega ziko katika jumba la makumbusho la Tervuren, karibu na Brussels, na katika mikusanyo ya matajiri. Mwaka 2001 zilionyeshwa Los Angeles, Marekani, katika makumbusho ya Fowler. Watu wanapita mbele ya vioo wakisifu ule mng'ao wa asali. Wanasifu mikono ya babu na bibi zetu, ambao walikatazwa kukutana.

Kwa hiyo kazi ile ile ilikataliwa na wageni, kisha ikasifiwa na wageni. Mara zote mbili wenyewe hatukuulizwa. Hilo ndilo linaloniuma, kuliko marufuku na kuliko vioo.

KALIMA YA KASITERITI, KALIMA YA LEO

Kalima yetu ilikua kwa kasiteriti. Kampuni ya Symétain iliundwa mwaka 1932, ikajenga makambi ya wafanyakazi, na watu wa makabila mengi wakaja kuishi pamoja. Mwaka 1976 ikaingia katika SOMINKI. Mwaka 1985 bei ya bati duniani ilianguka, na kampuni ikadhoofika mpaka SAKIMA ilipochukua nafasi mwaka 1997. Wengi wetu ni watoto wa makambi hayo. Tulizoea sahani ya dukani, sigara ya paketi na ndoo ya plastiki. Kazi ya mikono ikaonekana ni ya maskini na ya watu wa kijiji.

Sasa vita vimetuletea wenye mikono hiyo tena. Kuna mama anayesuka mikeka, baba anayefua visu, mzee anayechonga viko. Walipokimbia hawakubeba kitanda wala mbuzi. Ujuzi hauhitaji kubebwa kichwani, na ndio uliobaki wa kuwalisha. Ukidharau mwiko wa mkimbizi, umegusa kitu pekee ambacho vita havikumnyang'anya.

Hii haina maana tununue kila kitu kwa huruma. Mwiko ukiwa umepasuka, mwambie. Huruma inayonunua mwiko mbovu na kuutupa nyuma ya nyumba haimsaidii mtu, kwa sababu kesho atachonga mwingine mbovu. Ila kuna namna, na nadhani wazee wametuachia namna hiyo. Kwanza uliza kitu ni cha kazi gani. Kishike, kipime kwa kazi hiyo. Sema kosa moja au mawili yanayorekebishika, na uyaseme kwa sauti ya kumfikia mwenyewe, si ya kufikia soko zima. Kama jambo ni zito, mithali ipo. Na usitumie kosa dogo kuangusha bei ya mtu mwenye njaa.

Na wewe mwenye kazi, sikiliza. Mtu akisema kina kosa, muulize: nionyeshe. Akionyesha, mshukuru. Akishindwa kuonyesha, rudisha kitu chako mahali pake kama alivyofanya yule mzee, uendelee.

Nilirudi kwake siku mbili baadaye. Nilimuuliza kuhusu kijana yule. Akachukua kile kiko, akatia unyasi kwenye mrija, akanionyesha unapotokea ndani ya bakuli. Ulikuwa juu, karibu upana wa kidole toka chini.

« Tundu limepanda, » akasema. « Kisu changu kizuri nilikiacha nyumbani, hiki cha kuazima kinateleza. Angeniambia tundu, ningemkubalia, ningempunguzia na bei. Aliniambia si kitu. »

Kisha akaniomba nimtafutie kisu. Kama kuna msikilizaji mwenye kisu cha kuchongea kisichotumika, mzee anakaa sokoni, karibu na mama wa samaki.

Toka Kalima, ni mimi mwandishi wenu.